Kaseti na Diski: Tuzipime Mashine za Zamani za Michezo kwa Mizani ya Nyumbani



Katika miezi ya karibuni tumeulizwa suali moja na wazazi kadhaa, wengine baada ya darsa, wengine kwa simu. Mashine za zamani za michezo ya televisheni zimeanza kuonekana tena madukani na katika shehena za mitumba zitokazo Dubai, na akina baba waliozicheza utotoni wanataka kuwanunulia wana wao. Je, mtu anunue ile ya kaseti au ile ya diski? Huenda msomaji akastaajabu kuona suali kama hili limeletwa kwa mwalimu wa madrasa. Lakini sisi tumelea watoto watano, na kabati la sebuleni petu limebeba mashine za aina zote mbili kwa takriban miaka 20. Tumezinunua, tumezipeleka kwa fundi, tumeamua kesi zake baina ya ndugu, na baadhi ya usiku tumeshika pedi wenyewe tukashindwa na binti yetu wa pili.

Kwanza tuseme kwa nini mzazi wa leo azitazame kabisa mashine hizi kongwe, ilhali simu iliyo mkononi mwa mtoto ina michezo isiyo na idadi. Sababu ni kwamba mchezo wa zamani ulikuwa umekamilika siku ile ulipouzwa. Hauna intaneti, kwa hivyo hakuna mgeni asiyejulikana atakayezungumza na mtoto wako ndani yake. Haumwombi mtoto fedha kila baada ya dakika kumi. Umewekwa sebuleni, mbele ya macho ya mama, na ukizimwa umezimika. Katika hayo, kaseti na diski ni sawa. Tofauti zao zaanzia kwingine.

Kaseti ni kisanduku cha plastiki chenye ubao mdogo ndani yake, na juu ya ubao huo mna chipu iliyobeba mchezo. Meno ya shaba yaliyo chini ya ubao hushikana na tundu la mashine, na tangu hapo kaseti huwa kama kiungo cha mashine yenyewe. Kabla ya mwaka 1976 mashine nyingi za nyumbani zilikuwa na michezo iliyofungiwa ndani. Ukichoka nayo, umechoka na mashine. Mwaka huo kampuni ya Fairchild ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa Channel F, ya kwanza kutumia kaseti zenye chipu ya mchezo. Kazi hiyo iliongozwa na mhandisi Jerry Lawson, Mmarekani mweusi, na inafaa watoto wetu walijue jina lake. Atari ikafuata mwaka 1977, na mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ikatoa mashine yake ya Famicom huko Japani. Huku pwani wengi wetu tuliijua Famicom kwa nakala zake za bei rahisi, zilizokuja na kaseti iliyoandikwa kuwa ina mamia ya michezo, nawe ukiihesabu wakuta ni michezo michache tu iliyorudiwarudiwa kwa majina mapya.

Diski ni ile CD tunayoijua sote, na baadaye DVD. Mashine ya kwanza ya nyumbani kupata kiungo cha CD ilikuwa PC Engine ya kampuni ya NEC, mwaka 1988, huko huko Japani. Lakini kilichoibadilisha dunia ni mkataba uliovunjika. Nintendo ilikuwa imekubaliana na Sony wajenge pamoja kiungo cha CD kwa ajili ya mashine ya Super Nintendo. Mwezi wa Juni 1991, katika maonyesho ya Chicago, Sony iliitangaza kazi hiyo, na siku iliyofuata Nintendo ikatangaza kwamba itashirikiana na Philips. Sony, kwa juhudi za mhandisi Ken Kutaragi, ikaendelea peke yake, na tarehe 3 Desemba 1994 ikatoa PlayStation. Nintendo yenyewe ilibaki na kaseti ilipotoa Nintendo 64 mwaka 1996. PlayStation iliuzwa zaidi ya milioni 100; Nintendo 64 iliuzwa takriban milioni 33. Mfanyabiashara mwenye kuvunja ahadi yake na aisome habari hii mara mbili.

Sasa tupime, na tuanze na nafasi. Kaseti kubwa kabisa ya Nintendo 64 ilibeba megabaiti 64. CD moja yabeba kiasi cha megabaiti 650, yaani mara kumi. Ndiyo sababu watunzi wa Final Fantasy VII waliihama Nintendo, na mwaka 1997 mchezo wao ukatoka kwa diski 3 za PlayStation, uliojaa picha zinazokwenda kama filamu. Diski pia ilichapishwa haraka na kwa gharama ndogo, wakati kaseti ilihitaji chipu za bei ghali zilizoagizwa miezi kabla, na muuzaji akikosea hesabu, mzigo ulimlalia. Mzazi aliona tofauti hiyo dukani: kaseti mpya aghlabu iliuzwa kwa bei ya juu kuliko diski.

Katika mwendo, mizani yageuka. Kwa kuwa chipu ya kaseti imeungana na ubongo wa mashine moja kwa moja, unabonyeza swichi na mchezo uko mbele yako. Diski ni lazima izunguke, jicho la leza liisome, na yaliyosomwa yajazwe kwanza katika kumbukumbu ya mashine. PlayStation ya kwanza husoma kiasi cha kilobaiti 300 kwa sekunde, na kumbukumbu yake kuu ni megabaiti 2. Kuijaza tu ni karibu sekunde 7, na hilo hujirudia kila mtoto aingiapo chumba kipya au mechi mpya. Kwa mtu mzima sekunde hizo ni chache. Kwa watoto watatu walioketi juu ya mkeka mmoja wakigombea zamu, ni muda wa kutosha kuanzisha vita.

Kaseti ina fadhila nyingine ambayo wengi hawaijui. Ndani yake mtengenezaji aweza kutia chipu ya ziada ya kuisaidia mashine. Mchezo wa Star Fox wa mwaka 1993 ulibeba chipu iitwayo Super FX, na kwa hiyo Super Nintendo ikaweza kuchora maumbo ambayo peke yake isingeyamudu vile. Ni kama mgeni ajaye karamuni na jiko lake. Diski haiwezi hilo; yaleta habari tu, na kazi yote huachiwa mashine.

Ama uimara, hapa ndipo akina mama hututegea sikio zaidi, kwani ndio waokotao vitu sakafuni. Kaseti haina kitu kizungukacho. Ikianguka kutoka kitandani, huokotwa ikachezwa. Mjukuu wetu mmoja aliwahi kuichovya ya kwetu katika bakuli la uji. Ikafunguliwa, ikaoshwa, ikakaushwa siku mbili kivulini, na ingali hai. Diski haikubali mzaha huo. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume: katika CD, upande dhaifu ni ule wa juu wenye picha na maandishi. Upande wa chini una unene wa plastiki wa zaidi ya milimita moja, na mkwaruzo mdogo hapo fundi aweza kuusugua ukatoka. Upande wa picha, tabaka lenye habari liko chini ya rangi tu. Likikwaruzwa hapo, limekwenda. Kwa DVD tabaka hilo liko katikati ya plastiki, na kwa hiyo lina hifadhi bora. Mama akifuta diski, atumie kitambaa laini na afute kutoka kitovuni kwenda nje, kwa mstari ulionyooka, wala si kwa kuzungusha.

Tena diski yahitaji jicho lenye afya. Lenzi ya leza huchoka, na reli ya plastiki inayoibeba huliwa. Wenye PlayStation za mwanzo watakumbuka jinsi mashine ilivyopinduliwa juu chini ndipo isome. Watoto waliidhania hiyo ni siri yao ya mtaani, kumbe ndivyo walivyofanya wenzao duniani kote, kwa kuwa ukiipindua lenzi hurudi kukaa sawa kidogo. Kijana wetu mkubwa aliitia mashine yetu katika hali hiyo kwa mwaka mzima, akaiwekea na kitabu pembeni isiyumbe.

Kaseti nayo ina maradhi yake, na pwani yetu huyazidisha. Hewa ya chumvi huyala meno ya shaba yakapata ukungu wa kijani. Sote tuliona dawa ya watoto: kuipuliza kaseti kwa mdomo. Pumzi ina unyevunyevu, na unyevunyevu ndio uletao kutu; Nintendo yenyewe imewaonya watu wasipulize. Kilichokuwa kikisaidia aghlabu ni kule kuitoa na kuirudisha, meno yakapata kushikana upya. Mafundi husafisha kwa kijiti cha pamba kilichotiwa spiriti safi kidogo, kisha huacha ikauke kabisa. Diski pia haikusalimika na hewa yetu: ikiwa rangi ya juu ina tundu, unyevu huingia na tabaka la alumini huoza, ukiishika mbele ya taa waona vitundu vya mwanga. Dawa ya hilo haipo.

Lingine ni kule kuhifadhi mchezo ulipofikia, na jambo hili ndilo linalogusa nidhamu ya nyumba. Michezo mingi ya kaseti za mwanzo, kama Super Mario Bros. wa mwaka 1985, haikuhifadhi chochote. Mtoto akiitwa kuswali au kutumwa dukani, ilimbidi apoteze yote au aache mashine ikiwaka. Sisi tumewahi kuamka alfajiri tukaikuta mashine ina joto kama pasi, imefunikwa khanga ya mama yao isionekane taa. Wenye PlayStation walikuwa na kadi ya kumbukumbu, kitu kidogo kama kibiriti kilichogawanywa mafungu 15. Mtoto akiitwa, alihifadhi akaondoka. Lakini mafungu 15 kwa watoto watano ni mafungu matatu kila mmoja, na kila mchezo wala lake au zaidi. Kwa hivyo mgao ukawa na kesi nyingi. Tuliandika majina juu ya karatasi tukaibandika mlangoni mwa kabati, na binti yetu mdogo akateuliwa kuwa mwekaji. Kuanzia hapo hakuna aliyefuta cha mwenziwe.

Baadhi ya kaseti zilihifadhi pia, kwa kutumia betri bapa ya mviringo, mfano wa ile ya saa, iliyotiwa ndani. Betri hiyo huilisha chipu ndogo hata mashine ikizimwa. Siku ikiisha, kila kilichohifadhiwa hufutika. Kadi ya PlayStation haihitaji betri. Maandishi yake hubaki bila umeme.

Jambo hili tulilijua kwa uzito wake kupitia kwa dada yetu. Mwanawe wa kwanza alizaliwa na maradhi ya seli mundu. Siku zake nyingi zilikuwa za kitandani, na mwaka mmoja tulimpatia Super Nintendo iliyotoka Dubai, pamoja na kaseti ya mchezo wa safari uitwao The Legend of Zelda: A Link to the Past. Mchezo huo una nafasi tatu za kuhifadhia, na kila nafasi huandikwa jina la mchezaji. Ya kwanza aliandika lake. Akaucheza muda wa miezi, siku za maumivu kidogo kidogo, siku za nafuu zaidi. Alifariki akiwa na umri wa miaka 15, Allah amrehemu. Mashine ilikuja kwetu. Kaseti mama yake aliizuia, akaitia ndani ya bweta pamoja na shahada zake za shule na za madrasa.

Miaka mingi ilipita. Siku moja kijana wetu, aliyekwisha kujifunza kazi hizi, alimweleza shangazi yake habari ya betri. Dada yetu akatujia na lile bweta. Tulimpeleka kwa fundi mmoja mjini ambaye ana kifaa kidogo cha kuisoma kaseti na kuyanakili yaliyomo katika kompyuta. Fundi akaitia kwanza katika mashine yake, na jina likatokea, herufi zote tano. Kisha akatuambia bila ya kuficha: “Maalim, betri hii ni ya zamani mno. Ikizima, jina halirudi. Nami nikiitoa kabla ya kunakili sawasawa, pia halirudi. Nyinyi ndio wa kuamua.”

Sisi tulinyamaza, kwa kuwa jambo halikuwa letu. Dada yetu akasema: “Kaka, mwambie aitoe. Kukaa nikingoja lizime peke yake kwanitesa zaidi.”

Fundi alinakili mara tatu, akalinganisha nakala zake, ndipo akayeyusha risasi, akaitoa betri na kuunga mpya. Alipoyarudisha yale maandishi na kuiwasha mashine, jina lilikuwa mahali pake. Tulipofika nyumbani dada yetu hakuirudisha kaseti bwetani. Aliwapa wajukuu zake, kwa sharti moja: nafasi ya pili na ya tatu ni zenu, ya kwanza haiguswi. Nao wameishika amri hiyo kuliko tulivyotarajia kwa watoto wa umri wao.

Tumeyasimulia haya kwa kuwa wapo wazazi wenye vitu kama hivyo makabatini na hawajui kwamba vina muda. Ikiwa una kaseti yenye kumbukumbu ya mtu umpendaye, usingoje. Na mwenye kadi ya PlayStation asijisifu sana, kwani kadi haizimi lakini hupotea. Ya kijana wetu ilisahauliwa kwa rafiki aliyehama mtaa, na haikuonekana tena.

Limebaki suala la nakala. Diski ilikuwa rahisi kunakiliwa. Kompyuta yenye kuchoma CD ilitosha, na mashine ikatiwa chipu ya kuikubali nakala. Katika miji yetu diski nyingi zilizouzwa barabarani zilikuwa za namna hiyo. Kaseti nazo ziliigizwa, kama tulivyotaja, ila yataka kiwanda. Twasema kwa ufupi: mtunzi wa mchezo ni mtu mwenye jasho lake. Leo michezo halisi iliyotumika yapatikana kwa bei nafuu, hasa ya diski. Basi hakuna dharura ya kumzoesha mtoto kitu kilichochukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe. Na vibanda vile vya kulipia mechi kwa dakika, vilivyowachukua vijana wetu mpaka usiku, vilijengwa juu ya mashine za diski na mpira wake. Mashine ya nyumbani, ikiwa na saa zake, iliwarudisha wa kwetu chini ya paa letu, na rafiki zao pia, ingawa mama yao alilazimika kuzidisha kiasi cha mahamri.

Kwa hivyo jawabu letu kwa waliouliza ni hili. Nyumba yenye watoto wa chini ya miaka 10, na mikono mingi yenye mafuta, ichague kaseti. Michezo yake ni mifupi, huanza papo hapo, na hustahimili mambo ya watoto. Nyumba yenye vijana wakubwa wenye kutunza vitu, na mfuko usio mzito, ichague diski. Atapata michezo mingi kwa fedha kidogo, na kadi itamwezesha kijana kuacha mchezo kila aitwapo; udhuru wa “mama, siwezi kuhifadhi” hautakuwapo.

Kabla ya kulipa, angalia mambo manne. Uliza mashine imetoka nchi gani, kwani ya Japani hutumia umeme wa volti 100 na ya Marekani 120, na yetu ni 240. Ukichomeka bila transfoma, umeiunguza. Hakikisha kaseti au diski ni za nchi moja na mashine, kwa kuwa nyingi hukataa za kwingine. Ikiwa ni ya kaseti, tazama meno yake na uulize umri wa betri. Ikiwa ni ya diski, icheze dukani angalau robo saa, kwa sababu leza iliyochoka huanza vizuri kisha hukwama ikipata joto. Ukifika nyumbani, weka kila kitu mbali na dirisha linalotazama bahari, na ufunike kwa kitambaa mashine ikishapoa.

Kisha keti nao. Shika pedi ya pili, ushindwe mara mbili tatu, uwaulize wamefikia wapi. Mtoto aliyezoea kukueleza habari za mchezo wake hataona uzito kukueleza habari zake nyingine.

Allah azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.